Morris Minor ya babu inadunda: nibadilishe valvu?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimerithi Morris Minor 1000 ya marehemu babu, ya mwaka 1960, iliyolala bandani miaka mingi. Injini imeshawaka. Shida ni kudunda: nikivuka tuta, gari linapanda na kushuka kama ngalawa. Shokapu ya mbele kushoto inavuja oili. Nimeagiza kutoka Uingereza valvu na springi zake kwa shokapu zote nne. Nianzie wapi? – Mjukuu, Tanga

JIBU: Marahaba. Ungeniuliza kabla ya kulipa ningekuokolea fedha.

Shokapu za gari lako si za bomba kama za Corolla. Kila moja ni bodi ya alumini yenye mkono nje. Mkono ukicheza, pistoni mbili ndani zinasukumiana oili, na valvu ndiyo mlango wa kupitia hiyo oili. Inakaa nyuma ya nati kubwa.

Sasa lala chini uangalie inavuja wapi. Ikiwa ni kwenye nati hiyo, washa mpya (kile kipete cha kuzibia chini ya nati) inatosha. Nyingi nilizofungua mimi zilivuja pale shafti ya mkono inapotokeza kwenye bodi. Hapo sili imechoka na shafti imelika, na valvu mpya haitazuia hata tone moja. Kazi hiyo ni ya karakana yenye mashine, au utafute shokapu iliyokwisha kufanyiwa ukarabati.

Anza na za nyuma, ni rahisi. Zifungue, ibane moja kwenye jiriwa ikiwa wima kama inavyokaa garini, uuchezeshe mkono. Unatakiwa uwe mzito sawasawa kwenda na kurudi. Ukiwa mwepesi katikati, oili imepungua au kuna hewa. Safisha udongo wote kabla ya kugusa kizibo cha kujazia, maana chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye valvu umejitafutia kazi nyingine. Jaza oili ya foku za pikipiki, gredi 20. Wauza spea za bodaboda wanayo. Chezesha mkono, ongeza, chezesha tena, na usijaze hadi mdomoni. Oili ya breki usiikaribishe kabisa, itakula sili.

Uzito ukirudi, hizo valvu zako zifunge kabatini. Usiporudi, ndipo ubadilishe, shokapu moja moja, vipande ukivipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake. Za mbele na za nyuma usizichanganye. Na usiweke washa nyuma ya springi ili kuikaza. Mimi niliwahi, ujana huo, na mwenye gari akarudi siku ya pili akilalamika kiuno.

Kwa mbele, tahadhari. Mkono wa shokapu ndio unaoshika sehemu ya juu ya gurudumu, na toshenba (fimbo ya chuma inayojipinda, ndiyo springi ya mbele) bado imejikaza hata gari likiwa juu ya stendi. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, kabla ya kulegeza boliti yoyote. Nguzo ya gurudumu usiiache ining'inie kwenye paipu ya breki.

Ukimwaga oili ya zamani, imwage kwenye sahani nyeupe. Ikitoka na vumbi linalong'aa, bodi yenyewe imelika ndani. Niandikie kabla hujanunua kingine.