Vali ya ng'ombe kupitia pajani

Nilizaliwa na tetralojia ya Fallot: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu iendayo mapafuni imebana. Nikapasuliwa India nikiwa na miaka sita, tukarudi Tanga kila mtu akijua nimepona. Nami nikajua hivyo hivyo. Ngazi zikinichosha nilisingizia unene.

Kumbe mrija niliowekewa kwenye ile njia ulikuwa umebana na unavujisha damu kurudi nyuma, na chumba cha upande wa kulia wa moyo kimetanuka. Niliyaona kwenye picha za MRI, nikiwa tayari naishi Uingereza. Ukizaliwa na moyo wa namna hii hujui kutochoka kukoje, kwa hiyo ewe uliyepasuliwa utotoni, usingoje kuumwa ndipo uende kliniki.

Tena tafuta ripoti ya upasuaji wako. Yangu mama aliifukua kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo na nyuzi, mdogo wangu akanirushia picha kwa WhatsApp. Karatasi mbili zenye kutu ya pini. Ndani yake daktari wa India aliandika kwamba mshipa mmoja unaolisha moyo unakatiza pale alipotaka kupanua, ndiyo maana akaweka mrija.

Sentensi hiyo ilikuwa na uzito wake. Tiba niliyopangiwa ilikuwa vali mpya, yaani kilango kinachozuia damu kurudi nyuma, iwekwe kwa katheta, mrija mwembamba, bila kufungua kifua. Vali ya namna hiyo hukunjwa, hupitishwa kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, kisha puto huitanua ndani ya mrija mkuukuu. Mrija ukitanuka karibu na ule mshipa unaolisha moyo, unaweza kuubana. Kwa hiyo kwanza hutanuliwa puto tupu, dawa ya picha inapitishwa kwenye mshipa, wanatazama. Ukibanwa, hawaweki vali. Muulize daktari wako: likitokea hilo, mpango ni upi? Mimi nilijibiwa waziwazi: kifua kitafunguliwa, siku nyingine.

Hakikufunguliwa. Niliamka nikiwa na kitobo kwenye kinena na amri ya kulala chali bila kukunja mguu. Mgongo uliniuma kuliko moyo!

Mama alipopiga simu, swali la kwanza: "Vali yenyewe ya mnyama gani?" Ya ng'ombe, mama, mshipa wa shingo. Akashusha pumzi. Vali hizi zimeanza kuwekwa mwaka 2000, Paris, kwa mvulana wa miaka 12. Nazo huchakaa, ingawa mara nyingi vali nyingine huweza kuwekwa ndani yake.

Meno yatazamwe kabla ya kuwekewa vali. Mimi niling'olewa moja. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu huweza kuota kwenye vali. Na homa ikikushika, usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Nenda hospitali, sema una vali, waombe wachukue damu ya kuotesha vijidudu kabla hujameza kidonge, kwani dawa ikitangulia, vijidudu huweza kujificha visionekane kwenye kipimo. Mimi maneno hayo nimeyaandika kwenye kadi, iko nyuma ya kitambulisho.