Siku moja ya nafasi Porto: nendeni bonde la Douro na mwongozaji, ila hakikisheni mnafika Pinhão

Ndugu, umesema unaenda Porto, Ureno, kwa mkutano mwishoni mwa Septemba ukiandamana na shemeji, mna siku moja tu ya kujitembelea, na shemeji hagusi pombe. Unauliza kama inafaa kulipia safari ya siku nzima ya bonde la mto Douro, kwenye mashamba ya mizabibu, pamoja na mwongozaji, au mpande treni wenyewe, au mfanye kama mwenzetu mmoja alivyokushauri, mvuke daraja mwingie maghala ya Vila Nova de Gaia, mji wa ng'ambo ya mto, mwonje mvinyo yaishe. Bonde hilo nimelitembea na dada yangu, ambaye naye ni Mwadventista na pombe hajui hata inavyonukia, kwa hiyo swali lako nalielewa vizuri. Nendeni bondeni. Na kwa siku moja, nendeni na mwongozaji.

Kuhusu Gaia, sina ubaya nayo. Ni mahali pazuri jioni, na mapipa yaliyopangwa gizani yanapendeza. Lakini yale ni maghala. Mvinyo wa port, ule mtamu na mkali wa Ureno, haukuzaliwa pale, uliletwa pale kukomaa kwa sababu hewa ya karibu na bahari ni poa, na kwa miaka mingi sheria iliwataka wasafirishaji wapitishie Gaia. Ni 1986 ndipo wakulima wa juu waliporuhusiwa kuuza port nje ya nchi moja kwa moja kutoka mashambani kwao. Ukiishia Gaia umeona stoo, shamba hujaliona. Na uzito wa Douro wote uko shambani.

Sasa jinsi ya kuchagua safari. Matangazo yote yanafanana: mvinyo, chakula cha mchana, mashua, picha. Usisome hayo. Waulize jambo moja: saa ngapi mtakuwa Pinhão, mji mdogo katikati ya mashamba, au karibu yake, na mtakaa huko kwa muda gani? Eneo la mizabibu limegawanyika sehemu tatu. Baixo Corgo ndiyo iliyo karibu na bahari, yenye mvua zaidi. Cima Corgo iko katikati, na Pinhão ndio moyo wake. Douro Superior inaendelea hadi mpaka wa Uhispania, na huko hamwezi kwenda na kurudi kwa raha siku moja. Zipo safari zinazokupitisha Amarante kuona kanisa, halafu Lamego kupanda ngazi za kanisa la Nossa Senhora dos Remédios (zipo 686, na viongozi wa safari hupenda kuzihesabia watu), halafu chakula kirefu mjini Régua, na jua linashuka bila nyinyi kukanyaga shamba lolote. Ngazi zile ni nzuri, lakini si zilizowatoa Nairobi.

La pili, ukubwa wa gari. Nimepanda basi kubwa la kampuni ambayo sitaitaja, mwongozaji mmoja akieleza kila kitu kwa lugha tatu mfululizo, na kila tuliposimama nusu ya muda iliishia kushuka na kupanda basi. Gari la watu wanane ni safari nyingine kabisa. Mwongozaji anasimama mahali ambapo basi haliwezi kugeuka, na mtu anaweza kumkatiza akauliza. Bei za vikundi vidogo huzunguka euro 100 kwa mtu, chakula na kuonja ndani yake. Si pesa kidogo, najua. Lakini mmeshalipa tiketi ya ndege na viza, hapa si pa kubania.

Gari likitoka Porto hupitia barabara kuu ya A4 kuelekea mashariki hadi linapokutana na mlima Marão. Tangu 2016 kuna handaki linalopenya mlima huo, zaidi ya kilomita 5. Mwambie shemeji asilale hapo. Mnaingia upande wa magharibi nje kukiwa kijani na mara nyingi ukungu, mnatokea upande wa pili mbingu imefunguka na nchi imekauka. Mlima ule ndio unaoikamata mvua ya Atlantiki. Upande wa pili, kiangazi kinaweza kuvuka nyuzi 40, na wenyeji wana msemo kwamba kwao ni miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu.

Halafu mnaanza kushuka, na hapo ndipo mimi nilinyamaza. Nimekulia Machakos, ambako tuliwaona wazazi wakichimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro unaofuata kiuno cha mlima, udongo unautupa juu, na miaka inavyopita mteremko unajisawazisha. Najua kazi ile inavyokula mgongo wa mtu. Sasa chukua mlima mkali kuliko wa kwetu, uondoe udongo, uache mwamba mtupu, kisha mwambie mtu aupasue kwa nyundo na mtaimbo, ajenge ukuta kwa mawe yaleyale bila saruji, ajaze nyuma yake vipande vilivyosagika, apande mzabibu. Arudie hivyo toka mtoni hadi kileleni, bonde baada ya bonde. UNESCO waliliingiza eneo hili kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kilichowekwa pale ni mandhari iliyojengwa na mikono ya wakulima.

Ombeni mwongozaji awaonyeshe aina za matuta, maana mkishazijua mnasoma mlima wenyewe. Yenye kuta za mawe ndiyo ya zamani. Yasiyo na kuta, yenye kingo za udongo zilizoota nyasi, yalikatwa kwa matingatinga kuanzia miaka ya 1970, na hayo ndiyo yanayokaribia fanya juu yetu. Kuna pia mistari inayopanda mlima wima bila tuta lolote. Na hapa na pale mtaona kuta zilizobomoka, vichaka vimezimeza, au mizeituni mikongwe imesimama mahali pa mizabibu. Yale ni makovu ya filoksera, mdudu mdogo aliyetoka Marekani akaanza kula mizizi ya mizabibu ya Douro miaka ya 1860. Dawa ilikuja kupatikana kwa kuunganisha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani linalomstahimili, lakini familia nyingi zilikuwa zimeshaishiwa, na matuta hayo hayakupandwa tena.

Tulipofika shambani mwongozaji wetu aliinama akaokota jiwe la njiani, akalipasua kwa vidole. Shisti: jiwe lililokaa kwa tabaka nyembamba. Alimpa dada kipande akishike. Kilikuwa na joto, ingawa jua lilikuwa limeshahama upande ule. Jiwe hilo hulihifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku kwa zabibu. Na kwa kuwa tabaka zake mahali pengi zimesimama karibu wima, maji ya mvua ya masika na ya baridi huzama ndani, na mizizi huyafuata chini kabisa kupitia nyufa. Ndiyo maana mmea unaishi kiangazi kizima juu ya kitu ambacho kwa macho ni kokoto tupu.

Mkulima yeyote wa mteremko kama wa kwetu atavutiwa na hili pia: kila kipande cha shamba kina daraja lake la herufi. Wanapima urefu kutoka usawa wa bahari, ukali wa mteremko, udongo, mwelekeo wa jua, umri wa mizabibu, wanajumlisha alama, na kila mwaka taasisi ya serikali inaamua ni kiasi gani cha zabibu za kila daraja kinaruhusiwa kuwa port. Zinazobaki huwa mvinyo wa kawaida wa Douro, ambao siku hizi una heshima yake. Mipaka ni ya zamani sana. Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa mfalme wa Ureno, aliiweka kuanzia 1756, kwa nguzo za itale ambazo baadhi bado zimesimama, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakitia rangi ya matunda ya kichakani kwenye mvinyo na jina la eneo lilikuwa linaharibika.

Wewe unakwenda mwishoni mwa Septemba, na hiyo ni bahati kubwa. Wenzetu wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Douro mzabibu hulala msimu wa baridi bila jani hata moja, na mavuno ni hayo tu, Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Mtakuta malori madogo yamebeba makreti barabarani, wavunaji wamejipanga kwenye matuta wakikata kwa mkono kwa sababu mashine haipandi kule, na kijiji kizima kinanuka zabibu zinazochacha. Mashamba mengine hupunguza wageni wakati huo, kwa hiyo wekeni nafasi mapema, leo ikiwezekana.

Mkiweza, pateni shamba ambalo bado linakanyaga zabibu kwa miguu. Ni birika pana la itale, kina chake hadi mapajani. Wakanyagaji hushikana mabega, wanapiga hatua pamoja polepole kwa amri, mstari mzima, muda mrefu bila kuimba. Wakishamaliza zamu hiyo ndipo muziki unaanza na kila mtu anacheza humo ndani atakavyo. Si maonyesho ya watalii peke yake. Mguu hupasua ganda likatoa rangi, lakini hauvunji mbegu, ambayo ina uchungu. Baada ya siku mbili tatu, sukari nyingi ikiwa bado haijageuka kilevi, wanamwagia pombe kali ya zabibu yenye asilimia 77. Hamira inakufa hapohapo, utamu unabaki. Port ni hiyo: tamu kwa sababu kuchacha kumekatizwa, na kali, kama asilimia 20, kwa hiyo glasi ndogo zisikudanganye wakati wa chakula cha mchana.

Shemeji je? Dada yangu hakukosa kitu. Mashamba mengi yana mizeituni yao, na mafuta mabichi huonjwa kwa mkate; aliyaonja moja baada ya jingine akauliza maswali hadi mwenye shamba akamtolea ya mavuno mapya aliyojiwekea. Mwandikieni mwongozaji mapema kwamba mmoja wenu hanywi, aandae hayo, na mwulizeni kama kuna punguzo. Mashua nayo ni ya kila mtu. Saa moja kutoka Pinhão kwenye rabelo, mashua ya asili ya mto huu, inatosha. Leo maji yametulia kwa sababu ya mabwawa yaliyojengwa miaka ya 1970 na 1980, lakini zamani mto huu ulikuwa na maporomoko, na rabelo zilishuka nazo zikiwa na mapipa, nahodha amesimama juu ya jukwaa ameshika kasia refu. Mwaka 1861 Joseph James Forrester, Mwingereza aliyechora ramani ya mto wenyewe, alizama kwenye maporomoko ya Valeira, juu ya Pinhão. Inasimuliwa kwamba mkanda wa pesa kiunoni ndio uliomvuta chini. Mkishashuka, zungukeni kituo cha treni cha Pinhão: kuta zake zina vigae vya samawati vya 1937 vinavyoonyesha mavuno, makapu na mashua zote hizo.

Treni ni nzuri, na kama mngekuwa na siku mbili ningewaambia mpande hiyo. Ni saa mbili na nusu hivi kutoka Porto hadi Pinhão, kaeni upande wa kulia wakati wa kwenda, mto utakuwa wenu. Shida ni kwamba treni inawashusha chini mtoni, na mashamba yako juu. Bila gari mnabaki mjini, na Pinhão ni mji wa kumaliza kwa nusu saa. Kukodi gari siwashauri. Wao huendesha upande wa kulia, barabara ya N222 ni kona juu ya kona, kiwango cha kilevi kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita, na kuonja ndiyo shughuli ya siku. Shemeji akishika usukani hataona chochote zaidi ya kona.

Anayesumbuliwa na kona akae mbele. Viatu vya kufungwa, kofia, maji. Kwenye kuonja kuna chombo cha kutemea, tumia bila aibu, wenyeji wanakitumia.

Chupa nunueni shambani, si uwanja wa ndege. Kama mtafungua nyumbani na kunywa kidogo kidogo, chagua tawny, iliyokomaa kwenye pipa. Hukaa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa. Vintage, ya mavuno ya mwaka mmoja teule na inayokomaa kwenye chupa, ikifunguliwa ina siku chache tu, iacheni kwa siku ya wageni wengi. Zifungeni katikati ya nguo kwenye begi la kupakia, na JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mtu mzima anaruhusiwa mvinyo hadi lita 2 bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi kidogo.