Kerneli ya chaguo-msingi imekataa kuwaka

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipakua msimbo wa Linux, nikatoa amri ya make defconfig, inayoandaa usanidi wa chaguo-msingi, kisha nikajenga kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) bila kugusa chaguo lolote. Ujenzi ulikamilika vizuri, lakini nilipowasha kompyuta ilisimama njiani ikidai kuwa haiwezi kupachika diski ya mfumo, ambayo nimeiumbiza kwa Btrfs, mojawapo ya mifumo ya mafaili. Je, chaguo-msingi si ndilo salama kuliko yote? Na ninapohamia toleo jipya, je, ni sawa kubonyeza Enter kwa kila swali?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Kompyuta yako ni nzima na amri hukuikosea. Mwongozo wa Kconfig, lugha inayotumika kuandika machaguo hayo, unaeleza kwamba chaguo lisilopewa thamani nyingine huwa "n", yaani hapana, ili kerneli isivimbe kwa vitu ambavyo wengi hawavihitaji. Nami naona ni uamuzi wa busara, ingawa umekuumiza. Juu ya hapo, kila jamii ya prosesa ina faili lake fupi la defconfig, linalobeba yale tu yanayotofautiana na thamani hizo za awali. La x86_64, yaani prosesa za biti 64 za Intel na AMD, huwasha ext4, mfumo mwingine wa mafaili, lakini Btrfs haimo.

Fungua faili la .config, linalohifadhi machaguo yako, nawe utakuta mstari huu:

# CONFIG_BTRFS_FS is not set

Wengi huuruka kwa kuwa umeanza na alama ya reli, wakidhani ni maelezo tu, kumbe zana za ujenzi huusoma kama jibu kamili la "hapana". Ugeuze uwe CONFIG_BTRFS_FS=y, kisha toa amri ya make olddefconfig ili machaguo yanayoutegemea yapangwe. Usiweke "m", yaani moduli, kipande cha kerneli kinachopakiwa kando, kama hutumii initramfs (mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla ya diski kufunguliwa), kwa sababu moduli itakaa ndani ya diski ileile ambayo kerneli inaihitaji moduli hiyo ili kuifungua.

Hata hivyo, mahali pazuri zaidi pa kuanzia ni usanidi wa kerneli inayofanya kazi sasa, ambao kwa kawaida huhifadhiwa katika /boot kwa jina linaloanza na config- likifuatwa na namba ya toleo. Unakili uwe .config, na make oldconfig itakuuliza yale mapya peke yake.

Kuhusu Enter, hukubali jibu lililoandikwa kwa herufi kubwa, kama N katika [N/m/y/?], na mara nyingi hilo halina madhara. Panapotajwa diski, mfumo wa mafaili au kifaa unachokitumia, bonyeza kwanza alama ya kuuliza usome maelezo. Amri ya make listnewconfig hukuorodheshea machaguo mapya yote kabla hujaulizwa lolote, nami nakusihi uisome orodha hiyo kabla ya kutumia olddefconfig, ambayo huyapa yote thamani zake za awali bila kukuuliza. Kerneli ya zamani usiifute kwenye menyu ya kuwashia mpaka mpya iwe imewaka na kupachika diski yako.