Chujio la petroli lililogoma kufunguka

SWALI: Ndugu Mhariri, nina boti ya kuvuta watelezaji wa majini, yenye injini ya petroli ya kabureta iliyofungwa ndani ya chombo chini ya kifuniko. Ninapoongeza mafuta hadi mwisho ili kumwinua mtelezaji, injini hukohoa na kupoteza nguvu, kisha hutulia nikipunguza mwendo. Nimeamua kubadilisha chujio la petroli, lile la kopo linalofungwa kwa kusokota, lakini limegoma kabisa. Nimeinama juu ya injini nikalizungusha kinyume cha mwendo wa saa kwa spana ya mkanda hadi kopo limeanza kubonyea. Rafiki yangu ananishauri nilitoboe kwa bisibisi na kuitumia bisibisi hiyo kama mpini, jinsi mafundi wa magari wafanyavyo kwa chujio la oili. Je, niufuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, usilitoboe. Kopo hilo limejaa petroli, ambayo mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautapaa na kutoweka bali utashuka na kutuama katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ukisubiri cheche ya swichi au ya waya wa betri. Isitoshe, bati lake ni jembamba, na likichanika utabaki na bamba lake la juu lililong'ang'ania bila mahali pa kulishika.

Kabla ya kuilaumu spana, hata hivyo, nina shaka na upande unaozungushia. Kopo la namna hii huning'inia chini ya kichwa chake, yaani kile kipande kisichozunguka ambacho kopo husokotwa kwacho, na kanuni ya kufungua kinyume cha mwendo wa saa ni ya mtu anayelitazama kutoka chini, kwenye kitako cha kopo. Wewe umeinama juu ya injini na unalitazama kutoka juu, kwa hiyo kwako kufungua ni kuzungusha kwa mwendo wa saa. Kwa maelezo yako, yaelekea umekuwa ukilikaza siku zote hizi! Usione haya, maana hata mafundi wazoefu hunaswa na jambo hili, hasa mkono unapopita mahali ambapo jicho halifiki.

Utakaporudia kazi, iwe injini imepoa na boti iko mahali pa wazi. Acha kifuniko wazi, washa feni ya kutoa mvuke, kisha uizime, ondoa waya za betri, funga valvu ya tangi, na weka mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono. Weka chombo chini ya kopo kukinga petroli. Mkanda wa spana ushike juu kabisa, karibu na kichwa, ambapo bati ni gumu zaidi, kwa sababu ukishika katikati kopo hubonyea tu. Mkanda ukiteleza, ingiza kipande cha msasa kati yake na kopo, upande wa makali ukielekea kopo.

Likikataa hata hivyo, usishindane nalo katika nafasi finyu. Fungua mirija ya petroli kwa spana mbili, moja ikishikilia kiungo ili mrija usijipinde, ziba ncha zake, kisha ondoa boliti za kichwa cha chujio na ukitoe kizima hadi nje ya boti. Kikibanwa kwenye jiliwa, kopo lililokuchosha siku nzima mara nyingi huachia kwa mkono mmoja.

Kabla ya kufunga jipya, ambalo liwe la kutenganisha maji na lililotengenezwa kwa ajili ya boti, hakikisha mpira wa zamani wa kuzuia uvujaji haukubaki kwenye kichwa, kwani mipira miwili ikipandana petroli itavuja. Paka mpira mpya oili safi kidogo. Mpira uliofungwa mkavu na kukazwa kwa spana ndio huzaa ugomvi kama huu wako. Kaza kwa mkono tu, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Aghalabu ni robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa. Rudisha mirija, valvu na betri, kagua uvujaji kwa macho na kwa pua, na uiache feni ifanye kazi angalau dakika 4 kabla ya kuwasha injini. Kagua tena injini ikiwa inanguruma.

Petroli ya kopo la zamani usiimwage mara moja. Imimine katika chupa ya kioo, nje, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yataonekana chini kama tabaka la pekee, na yakiwapo mengi tangi lenyewe linahitaji kusafishwa, la sivyo chujio jipya nalo halitadumu. Petroli ikiwa safi na injini ikaendelea kukohoa, kagua tundu la kupumulia la tangi na ile valvu ndogo kwenye kinywa cha mrija wa kutolea mafuta tangini, ambayo ikinasa taka huinyima injini petroli wakati huohuo inapoihitaji kwa wingi.