Barua kwa mwanangu: kuhusu zile siku zangu za juisi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, mama yako akiwa amekaa pembeni anasikiliza. Unasema uchovu haukuachi, tumbo linajaa kila ukila, ngozi ya uso imeharibika, na umekusudia kunywa juisi tupu kwa siku 10 ili kutoa sumu mwilini, kisha ule vyakula vibichi miezi mitatu. Ukamalizia: "Baba, wewe ulishawahi kufanya. Ilikusaidia?"

Jibu la swali hilo lingetosha mstari mmoja. Ila tangu juzi nikikaa kukuandikia, kinachonijia si presha yangu wala kilo nilizopunguza. Kinanijia kikombe chako cha bluu. Kwa hiyo nivumilie. Huko unakotaka nitafika, lakini nitapitia kwangu kwanza.

Ulikuwa na miaka tisa. Mwaka ule daktari alinipima akakuta presha 158 kwa 96. Hakunitisha. Aliniambia nipunguze chumvi, nipunguze mwili, nitembee, nirudi baada ya mwezi. Lakini babu yako alikuwa ametutoka kwa kiharusi mwaka mmoja kabla, na mimi niliondoka pale na hofu ambayo sikumwambia mtu, hata mama yako. Mwenye hofu haambiwi "punguza chumvi" akatulia. Anataka kusikia kuna jambo kubwa la kufanya, tena leo leo. Mwenzangu kazini akanipa karatasi zake za kudurufu: siku 7 za juisi, siku 7 za vibichi. Ziliandika kwamba mwili wa mtu mzima ni bomba lililozibwa na uchafu wa miaka, na kwamba chochote kilichopashwa moto kupita nyuzi 48 ni chakula kilichokufa.

Nikaamini, tena sikuamini nusunusu. Nikanunua ile mashine ya kukamulia iliyokuwa inanguruma alfajiri mpaka kaka yako anaamka akilia. Karoti, tufaha, spinachi, limau. Jioni nikawa nakaa nanyi mezani na glasi yangu, ninyi mnakula. Na kosa langu lilianzia hapo, kwa sababu sikunyamaza. Ningekunywa kimya, huenda mengine yote yasingetokea. Nilikuwa nahubiri. Nilisema mbele yenu kwamba chakula cha kupikwa ni uchafu, kwamba baba sasa anakuwa msafi ndani. Mama yako hakubishana nami hata siku moja. Alinipakulia kila jioni kama kawaida, akaifunika sahani yangu kwa sahani nyingine, akaiacha mezani. Asubuhi tuliikuta palepale.

Siku ya tatu kichwa kiliniuma hadi nikashindwa kusoma. Karatasi zilisema hizo ndizo sumu zinatoka, nikafurahia maumivu. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeacha kahawa ghafla, mimi wa vikombe vitano kwa siku, na anayeacha kahawa ghafla kichwa humuuma. Siku ya tano nikawa mwepesi, sikufichi. Siku ya saba mizani ikaonyesha nimepungua kilo 3, nikamwita mama yako aje aone. Zilirudi karibu zote ndani ya wiki mbili. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama 3 za maji. Usipokula, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ukila, vyote vinarudi. Nilikuwa nashangilia maji.

Siku ya tisa mama yako alitaka kufua begi lako la shule. Chini kabisa, nyuma ya madaftari, akakuta vipande vya mkate na mayai mawili ya kuchemsha, vimefungwa vizuri kwa kurasa za daftari, vimeota ukungu. Alikuja akaviweka mbele yangu bila neno. Tukakutafuta, tukakukuta nyuma ya nyumba umechuchumaa na kikombe chako cha bluu. Ndani mlikuwa na maji na makapi ya karoti, yale niliyokuwa nayatupa baada ya kukamua. Uliyaokota kwenye ndoo. Nikakuuliza unafanya nini. Ukaniangalia usoni ukasema: "Na mimi nataka kuwa msafi ndani."

Nimezika wazazi wangu wote wawili. Nimewahi kuachishwa kazi nikiwa na watoto wawili wa kusomesha. Lakini sijui maneno mengine yaliyonichoma kama yale. Mtoto wa miaka tisa, mwembamba kama ulivyokuwa, unaamini umebeba uchafu tumboni, na mwalimu wako ni mimi.

Jioni ile nilifunua sahani. Vilikuwa viazi vya kuchemsha. Nikakukalisha karibu yangu, kijiko kimoja wewe, kijiko kimoja mimi. Ulinitazama sana kabla hujafungua mdomo, kama unayehofia nakujaribu. Sahani ikaisha. Mama yako akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu, sikumfuata.

Kwa hiyo ninaposema mwili si bomba, na najua mmeuchoka wimbo huu wewe na kaka yako, huwa nakiona kikombe kile. Bomba likiziba linasubiri mtu aje alizibue. Mwili hausubiri mtu. Figo zako mbili huchuja majimaji ya damu kama lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini, zikabakiza lita moja au mbili za mkojo. Ini lako, lenye kilo moja na nusu hivi, linavunjavunja dawa, pombe na mabaki mengine usiku na mchana, umekunywa juisi ama hujanywa. Karatasi zangu nilizisoma upya baadaye nikitafuta hata sumu moja iliyotajwa kwa jina. Hamna. Ni "sumu" tu, mwanzo hadi mwisho. Na vile vimeng'enya vya mboga vinavyosemwa vinauawa na moto, ni protini kama protini nyingine, tindikali ya tumbo huvivunja vilevile. Vya kumeng'enyea chakula chetu tunatengeneza wenyewe, vingi kwenye kongosho.

Hapo mtu mwingine ndani yangu ananiambia: mzee, usiwe mkali hivyo, presha yako si ilishuka? Ilishuka, kweli. Niliporudi kwa daktari ilikuwa 142 kwa 88. Lakini zile siku nilikuwa nimeacha chumvi, vya kukaanga, soda na bia, na nilikuwa nalala mapema kwa kukosa nguvu za kukesha. Kipi kilichonisaidia? Ningekuwa na moyo wa kufanya hayo bila juisi, nisingeshusha vilevile? Naamini ningeshusha. Na imekaa chini miaka yote hii kwa kutembea na kwa kupunguza chumvi, yaani kwa yale maneno ya kawaida niliyoyadharau.

Tena wanaosifu vibichi hawakuanza jana, wala hawakukosea yote. Maximilian Bircher-Benner, daktari wa Uswisi, alifungua nyumba yake ya tiba Zurich mwaka 1904 akawalisha wagonjwa matunda na mboga mbichi. Ile mueseli, mchanganyiko wa nafaka na matunda ambao watu wanakula asubuhi, ilitoka kwake. Madaktari wenzake walimbeza, maana wengi waliona nguvu iko kwenye nyama. Neno vitamini lenyewe lilikuja mwaka 1912. Kwa hiyo aliona kitu ambacho wengi hawakukiona, na ninamheshimu kwa hilo. Vitamini C hupungua mboga zikichemshwa sana, na Shirika la Afya Duniani linatutaka tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Wewe hufiki hata nusu yake, nimekaa nawe mezani nakujua. Ukisema unaongeza matunda na kachumbari, mimi nitakuwa wa kwanza kufurahi.

Lakini moto nao si adui. Nyanya ikipikwa, ile rangi yake nyekundu, laikopeni, mwili huipata kwa urahisi zaidi. Karoti iliyopikwa na mafuta kidogo inakupa vitamini A kuliko ile mbichi uliyokuwa unaiokota kwenye ndoo. Na maharagwe mekundu usithubutu: mabichi yana sumu ya kweli, yenye jina, lektini, na punje nne au tano tu zinaweza kukutapisha. Yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kabisa yakitokota. Ajabu yake ni kwamba sumu niliyokuwa naikimbia, moto ndio unaoiondoa.

Juisi nayo, ukikamua, nyuzinyuzi karibu zote zinabaki kwenye makapi na sukari inashuka kwenye glasi. Shirika hilohilo la Afya huhesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kwenye bakuli, hata kama juisi umeikamua mwenyewe. Spinachi nyingi kila siku inabeba oksaleti, kitu cha asili cha mimea kinachoweza kuganda kwenye figo, na madaktari wameandika kuhusu watu walioumia figo kwa juisi za namna hiyo. Juisi za kuuzwa zisizochemshwa zina hatari nyingine: mwaka 1996 huko Marekani juisi mbichi ya tufaha iliyoingiwa na bakteria iliwafanya watu zaidi ya 60 waugue, na mtoto mmoja akafa. Osha matunda, osha mikono, kamua ya kunywa siku hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo mama yako ndiye angekwambia, lakini aliyelisoma ni mimi, basi nivumilie. Ujerumani walichunguza watu zaidi ya 500 waliokula vibichi kwa muda mrefu, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Karibu asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekatika kabisa, hasa kadiri walivyozidi kukonda. Na ukiacha nyama, maziwa na mayai, vitamini B12 huipati kwenye mboga hata ule shamba zima, lazima uitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Miezi mitatu si miaka, najua. Lakini nawajua pia watu wa ukoo wetu, hatujui kuishia tulipopanga.

Halafu shangazi yako. Nasikia umemwambia na yeye ajiunge. Hapo sishauri, hapo nakukataza, maana si mwili wako. Anameza vidonge vya kisukari. Mtu wa vidonge vile akiacha kula anaweza kushuka sukari usiku akazimia peke yake. Mpigie leo umwambie asianze kitu bila daktari wake.

Kuhusu wewe: uchovu wa miezi minne unahitaji jina kabla ya kuhitaji tiba. Nenda ukapimwe wingi wa damu, madini ya chuma, tezi ya shingo, sukari. Mama yako alikuwa na upungufu wa damu ulipokuwa mdogo, alichoka hivyohivyo, na sote tulidhani ni kazi. Ikiwa ni hilo, siku 10 za karoti zitakuchosha zaidi. Usinifanyie kama nilivyofanya mimi, nikaruka ushauri wa daktari nikaenda kwenye karatasi za kudurufu.

Umeuliza kama ufanye au usifanye. Nimeandika neno hapa, nikalifuta, nikaliandika tena. Una miaka thelathini na moja, mwili ni wako, na mimi niliyeamini yale nina haki gani ya kukufungia mlango? Kijana mzima wa afya akinywa juisi siku mbili tatu hafi, hilo ni kweli na sitalificha ili nishinde. Nikisema usifanye, utafanya na hutaniambia. Afadhali ufanye na uniambie kila jioni ulichokunywa, na ukisikia kizunguzungu au moyo unaenda mbio, uache saa hiyohiyo. Basi, nimeishia hapo, ingawa mkono haujataka kuishia.

Ila niahidi kitu kimoja. Mwanao ana miaka mitano sasa, na ana masikio kama uliyokuwa nayo wewe. Utakapokuwa na glasi yako mezani, usiseme mbele yake kwamba unajisafisha.

Mama yako anauliza kama mtakuja mwisho wa mwezi. Nimemwambia sina hakika kama utakuwa unakula. Amenijibu atapika, na ya kwako ataifunika.

Baba yako