Kabla Hujaandika "Mama" Kwenye Fomu ya Vinasaba

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuchukua sampuli za vinasaba (DNA), wengi wenu mnakuja mkidhani mashine ndiyo inayomtambua maiti. Mashine inalinganisha tu. Mfupa uliookotwa ufukweni hauna jina. Jina liko kwenye mate ya ndugu yake wa damu aliye hai, na mtu huyo ni juu yako kumpata na kumuuliza vizuri.

Katika miaka yangu hapa Tanga, maiti walionisumbua zaidi ni wa baharini. Bahari yetu ina joto. Siku chache tu, uso umeondoka na ngozi ya vidole imebanduka. Hapo tegemeo ni gego zima lisilotoboka na kipande cha mfupa wa paja. Mnawajua akina mama wa ng'onda: papa akikaushwa vizuri hukaa miezi, akifungwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki huoza kesho yake. Mfupa ni vivyo hivyo. Ukaushe, lakini kivulini, maana jua kali nalo hukatakata vinasaba. Kisha bahasha ya karatasi, namba ya kesi, tarehe, saa, sahihi. Badili glavu kila maiti. Na formalini, ile dawa ya kuhifadhia viungo, isikaribie! Niliwahi kuona jino zuri limetumbukizwa kwenye kichupa cha formalini kwa mazoea tu ya chumba cha upasuaji, na lile jino halikutuambia kitu.

Sampuli ichukuliwe kabla ya maziko. Baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, miili isiyotambulika ilichukuliwa vinasaba ili ndugu waje kulinganishwa baadaye, na maziko hayakucheleweshwa. Nanyi andikeni namba ya kaburi kwenye fomu ileile ya sampuli.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Msimu mmoja wa kusi, wavuvi walivuta nyavu upande wa Pangani wakakuta mwili wa mwanamume. Tulichukua gego, mwili ukazikwa na halmashauri. Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja wa makamo na shemeji zake. Kijana wao alitoka na ngalawa hakurudi. Nikamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Mama yake." Nikaandika mama, nikapitisha kijiti cha pamba shavuni, bahasha ikaenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Jibu likarudi: huyu si mama wa marehemu. Familia ikaenda kutafuta upya, hadi Pemba. Mke wa kijana hakujua aanze eda au aendelee kungoja, na mirathi haikuweza kuguswa. Ilipita zaidi ya miezi mitano ndipo yule mama, tukiwa wawili tu, akaniambia: "Mimi ni mama yake mkubwa. Mdogo wangu alifariki akimzaa, nikamlea mimi." Hakuwa amesema uongo. Kwetu mama mkubwa ni mama. Baba mzazi alikuwa hai, Korogwe, na hakuna aliyemuuliza. Mate yake yakalingana.

Kwa hiyo usiulize "wewe ni nani wake." Uliza, "Umemzaa mwenyewe?" Muulize faraghani, mbali na wakwe, na chora ukoo kwenye karatasi mbele yake. Mtoto hupata nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, ndiyo maana tunaanza na wazazi wa damu, au watoto wa marehemu. Ndugu wa baba na mama mmoja wanasaidia, ila kwa uhakika mdogo zaidi, kwa kuwa hawagawiwi nusu zilezile. Vinasaba vya mitokondria, vilivyo nje ya kiini cha seli, hupita kwa mama peke yake, na hudumu kwenye mifupa mikongwe kwa kuwa kila seli inavyo kwa mamia. Mama mkubwa, mama mdogo au mjomba wa tumbo moja na mama wanavyo, shangazi hana. Kromosomu Y, fungu la vinasaba walilonalo wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, hapo baba mdogo anafaa. Ndugu wa kunyonya ziwa moja, tunayemheshimu hata hatuoani naye, hafai.

Wala msitupe jalada kwa sababu ni la zamani. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba fuvu lililochukuliwa Kilimanjaro enzi za Wajerumani limelingana na mtu wa ukoo aliye hai Tanzania. Zaidi ya miaka 100!

Nirudi kwa kijana wetu. Namba ya kaburi ilikuwa kwenye fomu, tukaenda moja kwa moja. Familia haikutaka afukuliwe. Walisoma dua, baba yake akang'oa kibao cha namba kwa mkono wake, wakasimika mashahidi mawili, zile alama za kaburi, kichwani na miguuni.