Pikapu ya Dizeli Inayoteleza: Nichague Konvata Ipi?

SWALI: Ndugu Fundi, ninaishi Houston, Marekani, na nina Dodge Ram 2500 ya mwaka 2001 yenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 na gia otomatiki ya 47RE. Nimeifunga turbo kubwa na nozeli nyingine, na mwisho wa wiki huvuta tela lenye gari la mashindano. Tangu hapo, nikipanda daraja refu katika gia ya juu, mshale wa mizunguko hupanda bila mwendo kuongezeka. Duka moja linanishawishi ninunue torki konvata (kifaa chenye oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia) yenye stoli ya 2,500. Niinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa, fanya jaribio moja. Gari likishapata moto, liendeshe kilomita 90 kwa saa katika gia ya tatu, ovadraivu (gia ya nne) ikiwa imezimwa, kisha gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Mshale ukiruka, ujue klachi iliyo ndani ya konvata, inayofanya injini na gia zizunguke pamoja, ilikuwa imefunga na sasa imeachia. Ngoja ifunge tena, ukanyage mafuta. Mshale ukikimbia kuliko mwendo, klachi hiyo ndiyo inayoteleza. Ikishika imara hapo lakini ikateleza katika gia ya nne, zikague kwanza klachi za ovadraivu.

Tuseme ni konvata. Hata hivyo, ugonjwa wako si stoli, yaani mizunguko kwa dakika ambayo injini huifikia ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku magurudumu yamezuiwa. Wenye injini za petroli zilizofungwa kamshafti kali (shafti inayofungua valvu) hutafuta stoli ya 3,000 na zaidi, kwa kuwa injini zao ni dhaifu chini. Dizeli yako hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) yake kubwa kabla ya 2,000, na ikikaribia 3,200 imeshamaliza kazi. Ukiipa stoli ya 2,500, kila unapoondoka na tela utakuwa unapika oili. Turbo kubwa huchelewa kuamka, kwa hiyo mimi ningechagua kati ya 1,800 na 2,000. Mweleze muuzaji uzito wa gari pamoja na tela, ukubwa wa matairi na nguvu halisi ya injini, maana konvata ileile hutoa stoli ya juu zaidi ikifungwa kwenye injini yenye torki kubwa.

Kilichokushinda ni klachi ya konvata yenye diski moja ya kiwandani, pamoja na kifuniko chembamba cha mbele ambacho hubinuka kwa shinikizo la oili, diski ikakosa kukaa sawasawa. Nunua yenye diski tatu na kifuniko kilichochongwa kutoka chuma kizima. Fahamu tu kwamba klachi ikishaacha kuteleza, shafti inayoingia kwenye gia ndiyo itakayobeba mzigo wote, nayo huweza kukatika. Itengee fungu katika bajeti.

Kipoza oili cha zamani usikirudishe, kwani hubaki na vumbi la klachi. Siku ya kufunga, fundi aisukume konvata huku akiizungusha mpaka izame kwa hatua, na gia ikishakaa kwenye injini, konvata iwe bado inazunguka kwa mkono. Akiivuta kwa kukaza bolti, atavunja pampu.